Mungomba wa Kona ya Kichuguu

Sauti iliyosema "Ni ndege" ilikuwa yangu. Naiandika mwanzoni kabisa ili nisipate nafasi ya kuikwepa, maana najijua: nikipewa ukurasa mmoja wa kupasha moto, nitawaeleza habari za mvua na barabara mpaka msahau mlikuja kusoma nini.

Mwezi uliopita mliponifanyia karamu ya kustaafu pale wodi ya wazazi, nilisimama na glasi ya soda nikawasimulia tena kisa cha dereva aliyedhani mwanamke mwenye utungu ni ndege. Mlicheka. Nimekisimulia hivyo kwa wanafunzi wa ukunga miaka nenda miaka rudi, kama mfano wa masikio mabovu. Mmoja wenu hakucheka. Alikuwa karibu na mlango, sahani ya mikate ya mafuta mkononi. Baadaye alinifuata kwenye karai la kuoshea glasi, akasema kwa heshima:

"Mama, ule dereva, Papa Kabeya, njo alikuwa nkambo yangu."

Babu yake. Nikaacha kuosha.

"Kwetu banasema haikukuwa vile," akaendelea. "Banasema yeye alitaka kusimama."

Alitaka kusimama. Mimi ndiye niliyekataa. Siku zile nilikiri mbele ya waliostahili kusikia, lakini miaka ilivyopita kisa kilianza kunipendeza, na kisa kikimpendeza msimuliaji hupunguza makosa yake kidogo kidogo, kama fundi anayepunguza gauni kiunoni. Mwisho wake kosa lote lilimkaa Kabeya, tena lilimkaa vizuri. Vyeo na mishahara sitavisema. Vyote vilikuja kwa kuchelewa na havikumfundisha mtu kitu. Nitasema habari ya kona moja na ndege mmoja, yule tunayemwita mungomba.

Nilifika dispensari ile nikiwa msichana wa miaka ishirini, mwenye cheti cha msaidizi wa mkunga na viatu vyeupe ambavyo barabara ilivifanya vyekundu kabla sijashuka kwenye gari. Ilikuwa ya misheni, siku za ukoloni, kando ya njia inayotoka mjini Élisabethville kwenda kaskazini, upande wa Kinsevere. Wafanyakazi tulikuwa watatu tu wa kutajwa. Wa kwanza ni Masœur Godelieve, mtawa, Mflamand mrefu aliyekizungumza Kiswahili kama mtu anayekula wali wenye mawe. Wa pili ni Papa Kabeya, dereva, mtu wa Kasai mwenye nyumba yake kule Kenya, mtaa mmoja wa mjini, aliyevaa kofia hata ndani ya gari. Wa tatu ni mimi, ambaye wote waliniita Mamzele, kwa kuwa nilikuwa sijaolewa na nilitembea kama mtu anayetaka ijulikane kwamba amesoma.

Kitu cha kwanza alichonipa Masœur hakikuwa mkasi. Kilikuwa pembe ya mti, ile ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, iliyolainishwa na masikio ya walionitangulia.

"Masikio mbele," alisema. "Mikono nyuma."

Kwa miezi mitatu hakuniruhusu kupokea mtoto. Nilikaa kwenye kigoda nje ya chumba cha uzazi, mlango umefungwa, nikisikiliza. Kila mwanamke alipoguna, Masœur aliuliza kutoka ndani: "Bado?" Nami nilijibu "Bado" au "Karibu," kisha yeye akapima kwa mkono. Nikikosea, naosha mabeseni. Niliosha mabeseni mengi. Lakini kufikia mwezi wa nne nilikuwa nimeelewa jambo ambalo halikuwa katika kitabu changu: mguno wa koo ni wa maumivu, mguno wa kiuno ni wa kazi. Ule wa kwanza unaweza kungoja, ule wa pili haungoji mtu. Nikawa naweza kuvuka ua, kusikia mguno mmoja, na kusema umebaki muda gani. Nikaanza kuringa, na Masœur akaniachia niringe. Sijui kama hilo lilikuwa sehemu ya mafunzo.

Mara yangu ya kwanza na mungomba ilikuwa mwezi wa tano wa mwaka, majani yanaanza kukauka. Tulikuwa tunarudi kutoka mjini na ambulansi tupu. Ambulansi ni neno la heshima: ilikuwa kamyoneti yenye machela nyuma, vioo viwili ubavuni, na msalaba mwekundu ambao Papa Kabeya aliupaka rangi upya kila Pasaka, nao ukazidi kunenepa mwaka hata mwaka. Kilomita chache kabla ya kufika, barabara inapinda kuzunguka kichuguu kikubwa kuliko nyumba. Waliochonga barabara ile walipasua vilima kwa baruti, lakini kile kichuguu cha mchwa walikizunguka. Hakuna aliyewahi kunieleza sababu.

Pale kwenye kona nikasikia mguno. Mara tatu, kimya kidogo, mara mbili. Ulitoka chini kabisa, kiunoni. Mwanamke mwenye robo saa, si zaidi.

"Simama!"

Papa Kabeya akasimama. Nikaruka na mkoba wangu, nikakimbia ndani ya msitu, miiba ikivuta soksi zangu, nikiita: "Mama, niko hapa! Usisukume! Pumua!" Nikatokea kwenye uwazi mdogo nyuma ya kichuguu, mkasi mkono mmoja, uzi uliochemshwa mkono wa pili.

Alikuwa amesimama pale, mweusi, mkubwa kama bata mzinga, uso mwekundu usio na manyoya. Na kope. Kope ndefu zilizopinda, kama za mabibi wa kizungu kwenye katalogi za nguo. Alinitazama bila haraka. Kisha ngozi nyekundu ya koo lake ikajaa kama mfuko, na mbele ya macho yangu akaguna mguno wa mwanamke anayezaa mara ya tatu.

Niligeuka. Papa Kabeya alikuwa nyuma yangu, ameshika kofia yake kifuani kama mtu aliye kanisani.

"Mamzele," aliuliza taratibu, "mutoto iko muzima? Iko na kilo ngapi?"

Aliniuliza hivyo wiki nzima, na wiki iliyofuata. Nikiingia kwenye gari: "Bonjour, Mamzele. Kilo ngapi?" Wanawake waliokuja kupimwa mimba walijifunza kwake. Hata Masœur, ambaye kicheko chake kilikuwa adimu kama mvua ya mwezi wa saba, siku moja aliniangalia nikiwa nimeshika pembe ya mti akasema: "Angalia kwanza kama hana mkia." Mimi niliyesikia mambo kupitia mlango uliofungwa nilikuwa nimekwenda kumzalisha ndege. Nikaapa moyoni: pale kwenye kona, mara ya pili sitashuka.

Kiapo chenyewe kilipata usaidizi. Mama Ngoie, mwenyeji wa njia ile, mama wa watoto sita, alinikuta nimenuna siku moja akaona anifundishe.

"Mamzele, beko banakucheka bure. Ile ndege hailie tu. Inaokota."

"Inaokota nini?"

"Mwanamuke akifwa mu njia na mimba, sauti yake inabakia chini. Mungomba anatembea na miguu, unaona? Ndege zingine zinaruka. Yeye anatembea, anaiokota." Akanielekezea kidole. "Njo maana shiye hatugune pale. Hata utungu ikupige namna gani. Ukiacha sauti yako pale, anaibeba, na utafika ku dispensari hauna nguvu ya kusukuma."

Nilitabasamu, kama alivyotabasamu mwalimu wangu wa sayansi tulipomwuliza habari za wachawi. Lakini kuanzia siku ile niliangalia, na ilikuwa kweli. Kila mwanamke wa njia ile tuliyempeleka hospitali ya mjini, kichuguu kilipoonekana, alitoa kipande cha kitenge alichokuja nacho makusudi, akakiuma, akanyamaza mpaka tuipite kona. Hakuna aliyeguna pale. Shikeni neno hilo, nitalihitaji: hakuna mwanamke wa njia ile aliyeguna pale.

Mmoja wao alikuwa bado msichana, na mtoto wake amekaa vibaya. Nilikuwa nyuma pamoja naye, mkono wangu juu ya tumbo lake. Pale kwenye kona, ambapo gari hutambaa kwa sababu ya makorongo, tumbo lilikaza kama jiwe. Yeye kimya, kitambaa katikati ya meno, machozi yanamshuka kuingia masikioni. Na nje, wakati ule ule, mguno. Tumbo likalegea, mguno ukakoma. Tumbo likakaza tena, na nje mguno ukaanza tena. Mara tatu, kimya kidogo, mara mbili. Nilimtazama usoni kuhakikisha si yeye. Midomo yake ilikuwa imefungwa.

Kisha: tok. Tok-tok.

Mungomba alikuwa anatembea sambamba nasi, akigonga kioo upande wa kichwa cha yule msichana. Aligonga bila kukasirika, kama mtu anayejua kuna watu ndani. 

Ikawa mtindo. Mungomba hawa kwa kawaida hutembea watatu, wanne. Huyu alikuwa peke yake, mahali pamoja, na kila gari lilipopunguza mwendo alikuja kugonga. Watu wa njia ile wakasema anayegongewa mara mbili harudi. Ni kweli wawili waliogongewa hawakurudi. Waliorudi na watoto wao walikuwa wengi zaidi, lakini hao hakuna aliyewahesabu. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi mzee chuo kikuu, mama wa watoto watatu katikati ya vijana walioniita "Mama Professeur" kwa dhihaka, nilikuta maktabani makala ndefu kuhusu ndege huyu. Ilisema akijiona kwenye kioo hudhani ni dume mwingine, humpiga. Nilifurahi kwa muda wa ngazi moja. Nilipofika chini nikakumbuka kwamba makala haikusema kitu juu ya ule mguno kwenda pamoja na tumbo.

Siku yenyewe ilikuwa katika baridi ya mwezi wa sita, asubuhi, ukungu umekaa barabarani kama maziwa. Tulikuwa tunampeleka Mama Ngoie mwenyewe mjini, mimba yake ya saba, damu imeanza kabla ya wakati. Nilikaa mbele karibu na Papa Kabeya, dirisha limefunguliwa kidogo kwa sababu kioo kilikuwa kinajaa mvuke. Nyuma yetu, kichuguu kilipotokea, Mama Ngoie alichukua kitambaa chake akauma. Nikatazama saa kama kawaida, kwa ajili ya daftari la safari. Saa moja na dakika ishirini.

Mguno ukaja kutoka upande wa kulia. Mrefu. Wa kiuno.

Papa Kabeya akaondoa mguu kwenye mafuta. "Mamzele. Nisimame?"

Nilimwangalia nione kama anacheka. Hakuwa anacheka, lakini mimi nilisikia kicheko. Nilisikia "kilo ngapi" zote za nyuma, na nyingine za wiki mbili zinazonisubiri mbele.

Ndipo nikamwona mungomba. Alikuwa upande wa kushoto, pembeni kabisa mwa barabara, karibu kiasi cha kuzihesabu kope zake. Alikuwa anatutazama. Koo lake lilikuwa limelala, tupu, kama soksi iliyovuliwa. Na mguno ukaja tena, kutoka kulia, yeye akiwa amefunga mdomo kushoto.

Hilo ndilo ninaloungama. Si kwamba sikusikia. Nilisikia, na niliona koo halitikisiki, na nilijua maana yake: kulia kuna mtu.

"Ni ndege," nilisema, kwa sauti kubwa, dirisha likiwa wazi. "Ni ndege, Papa. Endesha."

"Mamzele, ile haiko..."

"Endesha!"

Akaendesha. Baadaye nilijitetea kwa kumtaja Mama Ngoie: nilikuwa na mgonjwa anayetoka damu. Ni utetezi mzuri, na Mama Ngoie alipona kwa sababu tulifika mapema. Lakini kusimama dakika mbili kusingemwua. Nilijua hivyo hata wakati ule. Niliogopa kuchekwa, basi. Nilikuwa pia na ile sababu ya elimu: hakuna mwanamke anayeguna pale. Mimi niliyetabasamu mbele ya imani ya Mama Ngoie, asubuhi ile niliikopa, kwa kuwa ilinifaa.

Tulirudi saa sita mchana. Hakuna aliyesema tusimame. Papa Kabeya alizima injini, tukashuka. Upande wa kulia, hatua thelathini kutoka barabarani, majani yalikuwa yamelala chini kama kitanda. Kulikuwa na damu, ile damu ambayo mkunga huijua kwa wingi wake na kwa rangi yake. Kulikuwa na kipande cha kitambaa cha buluu, na kingine mfano wake kilikuwa mdomoni mwa mungomba, aliyekuwa akitembea kuzunguka pale mahali pole pole, kama mlinzi. Mtu hakuwepo. Papa Kabeya aliita kwa Kiswahili, akaita kwa Kiluba cha kwao. Mungomba akatazama mlango wa gari, akauendea, akagonga.

Masœur alitusikiliza akiwa amesimama, kitambaa cha buluu mezani mbele yake.

"Mulipita asubuhi. Mulisikia?"

"Ndiyo, Masœur," nilisema.

"Na hamukusimama."

Hapa naomba mnisome pole pole. Nilisema: "Papa Kabeya alisema ni ndege."

Papa Kabeya alinigeukia. Hakunikazia macho, alinitazama kama mtu anayeangalia kama gurudumu limeishiwa hewa. Kisha akaangalia kofia yake mkononi.

"Njo vile, Masœur," alisema.

Masœur akamnyang'anya ufunguo wa gari. Alisema kama mwanamke ataonekana amekufa, au asipoonekana kabisa, yeye mwenyewe atapeleka habari kwa Bwana Administrateur, mtawala wa wilaya, na dereva atajibu huko. Siku zile kila mtu wa Kenya alijua kujibu huko maana yake ni viboko na gereza. Papa Kabeya akapewa shoka, akae akipasua kuni mpaka jambo lijulikane. Gari likaendeshwa na Masœur, na hilo lilikuwa adhabu ya wagonjwa wote.

Jioni nilimfuata penye kuni.

"Papa, juu ya nini ulikubali?"

Aliweka kigogo sawasawa, akakipasua, akachukua kingine. "Volant ya motokari iko mingi, Mamzele. Hata muntu mujinga anaweza kuikamata. Mikono ya kuzalisha, huku kwetu, iko ya Masœur na ya weye. Masœur iko anazeeka." Akapasua. "Lakini usizani sina hasira. Niko nayo. Iko mu hii kuni."

Tulitafuta. Masœur alituma watu vijiji vyote vya karibu kuuliza: nani hajaonekana? Hakuna. Kila mwenye mimba alikuwepo. Tungepiga simu dispensari ya juu, ile iliyoko kaskazini zaidi, lakini moto wa majani ulikuwa umeunguza nguzo, na simu yetu ya ukutani, ile ya kuzungusha mkono, ilitufikisha mjini tu. Hakuna mwanamke aliyepotea, na damu ilikuwepo. Wenyeji waliridhika na maelezo yao: hakuwa mtu, alikuwa mmoja wa wale waliookotwa zamani. Masœur hakuridhika. Mimi sikulala.

Wiki ya pili mungomba alianza kuja kwetu. Asubuhi moja, wakati ule ule, ukungu haujaondoka, nilikuwa peke yangu chumba cha uzazi nikichemsha vifaa. Tok. Tok-tok. Alikuwa dirishani, uso mwekundu umekaribia kioo. Akaja kesho yake, na kesho kutwa. Niliweka pazia, aligonga nyuma ya pazia. Mama mmoja aliyepita kona alisema kilio cha pale kimebadilika, sasa kuna kirefu na kifupi, kikubwa na kidogo. "Iko anaguna na mutoto," alisema, na akina mama wote waliokuwa wanangoja wakafunika matumbo yao. Nilikuwa nimeshika pembe ya mti. Siku ile niliiweka juu ya matumbo manne, na mara nne ilibidi nimwite Masœur athibitishe, maana sikuwa na hakika tena ninachosikia.

Wiki ya sita, asubuhi ya kupima watoto, simu ikalia: fupi mbili, ndefu moja, alama yetu. Masœur alikuwa mezani akikata bendeji. Mlango wa uani ulikuwa wazi, na shoka la Papa Kabeya lilikuwa linakwenda. Nikapokea mimi.

"Allô, Mamzele?" Alikuwa Papa Théophile, infirmier, yaani muuguzi, wa dispensari ya juu, mtu niliyemjua kwa sauti tu. "Bamerudisha nguzo. Unanisikia?"

"Ninakusikia, Papa."

"Muzuri. Niko na neno moja ya karatasi. Iko mama hapa, wa Kasai. Alikuwa na wiki tatu tu huku, bwana yake anachoma matofali mbali mu pori, mu vijiji hakuna mwenye kumujua. Alikuwa anakuja kwenu na miguu, akazalia mu njia, pale ku kichuguu. Muntu mwenye kuuza makala ya kupikia akamuleta hapa na kinga yake, ile baisikeli. Homa ilimukamata sana, na Kiswahili yake ilikuwa ya kuomba maji. Njo leo bwana amemupata, anatufasiria."

"Iko muzima?"

"Muzima, na mutoto muzima. Sasa karatasi inauliza saa ya kuzaliwa. Yeye hajue saa. Anasema motokari ya musalaba ilipita, na mutoto akatoka nyuma yake. Motokari ya musalaba iko yenu tu. Mulipita saa ngapi?"

"Saa moja na dakika ishirini."

"Merci." Nilisikia kalamu yake. Kisha akacheka. "Jina, Ndege. Miye namuuliza, mama, ndege ya manyoya ao ya injini? Anasema ya injini, ya manyoya haijue kwa Kiswahili. Anasema alilia, na mu motokari sauti ikasema 'Ni ndege,' na motokari ikaenda. Akazani basi, beko banasikia ndege ya juu. Akaita mutoto vile."



"Na muntu wa makala asingesimama," aliendelea, akiifurahia habari yake. "Ile mungomba ilifunga njia, ikapiga taa ya kinga, tok tok, mpaka akashuka. Njo akasikia mama. Lakini Mamzele, iko neno moja tunabishana. Mama anasema ile sauti ya motokari ilikuwa ya mwanamuke. Miye namwambia hapana, dereva iko mwanaume. Anakataa kabisa. Niandike nini?"

Laini ile ilidai mtu apige kelele ili asikike. Kwa mara ya kwanza niliishukuru.

"Andika yangu."

"Allô?"

"Sauti ilikuwa yangu! Papa Kabeya alitaka kusimama. Miye nilikataza!"

Mkasi wa Masœur ukanyamaza. Shoka nalo likanyamaza. Sikugeuka. Nilisikia hatua zikivuka ua, zikasimama mlangoni, na harufu ya mti mbichi ikaingia chumbani. Nilingoja aseme neno lolote alilokuwa na haki nalo.

"Mamzele," alisema Papa Kabeya, na safari hii aliuliza kweli, "mutoto iko na kilo ngapi?"

Nikalipeleka swali kwenye simu.

"Ngoja, njo banamuweka ku mizani," alisema Papa Théophile. Akaweka mkono wa simu mezani, nami nikasikia chumba chake: chuma cha mizani, mwanamke anayesema lugha nisiyoijua. Kisha, karibu sana, mguno. Wa chini. Mara tatu, kimya kidogo, mara mbili.

Papa Théophile akarudi. "Unasikia ile? Njo mutoto analia vile. Bamama ya hapa banaogopa. Banasema mungomba iko mu nyumba."

Nilibana simu sikioni kama nilivyofundishwa kubana pembe ya mti, nikafumba macho, nikasikiliza mpaka mwisho.

"Hapana," nilisema. "Ni muntu."